Prodige, Acha Kubadilisha Mazoezi

Butembo, tarehe 10 mwezi wa munane 2025

Mudogo wangu Prodige,

Pokea salamu, wewe na Mama, mukiwa pale Goma, Majengo. Huku tuko wazima. Mvua imeanza mapema na matope ya Butembo unayajua, viatu nimevua mulangoni nimevisahau huko. Kazi iko, wagonjwa wako: migongo, magoti, wamama walioanguka shambani. Mimi kiné wao, muganga wa viungo, nawakanda na kuwanyoosha mpaka jioni, nikifika nyumbani hakuna wa kunikanda mimi. Mwambie Mama ile samaki kavu ya sambaza aliyonitumia ilifika na nimeila peke yangu bila haya.

Sasa tuingie mu habari. Mimi yaya wako, dada mukubwa, nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu umenishinda. Nikisema neno, "Oui, Yaya." Nikiongeza la pili, "Oui, Yaya, rezo inakatika." Na hiyo rezo yako ya simu inajua kukatika kabisa pale naanza kusema ukweli! Karatasi haikatiki. Mama Charline, muchuuzi anayekuletea barua hii, anazunguka na Uganda pamoja na vitenge vyake, kwani barabara yetu ya moja kwa moja haipitiki, na hata akifika baada ya wiki tatu, wewe utasoma mpaka mwisho.

Picha zako nimeziona. Mwezi wa tano uliniambia umepata programme, unalala chali na kusukuma chuma kifuani. Mwezi wa sita hiyo haikufaa tena, ni kujivuta juu. Mwezi wa saba ni ya mutu fulani wa video. Juzi tena ni ingine. Prodige! Unataka mwili ukue ao unataka kuonja mazoezi yote ya dunia, kama mutoto kwenye arusi, kila sahani kijiko kimoja? Mwaka jana ulikuwa kilo sitini. Leo uko kilo sitini. Nikikuuliza maendeleo, unanionyesha jasho.

Najua juu ya nini una haraka. Ile salle mupya ya mazoezi itachukua moniteur mumoja wa kufundisha mu mwezi wa kumi na mbili, na wanataka mutu ambaye mwili wake unaonekana toka mulangoni. Mimi pia nataka uipate, pengine kuliko wewe. Toka umalize shule hujaona kazi ya kudumu, na Mama ananiambia siku hizi unakula bila kusema neno. Hiyo ndiyo inaniuma.

Basi nijibu kitu kimoja tu: ni nani anakubadilishia mazoezi kila mara, na kwa sababu gani?

Yaya wako,
Fabiola

Goma, tarehe 7 mwezi wa kenda 2025

Yaya Fabiola,

Barua imefika, inanuka vitenge. Mama iko muzima, miguu tu inamuvimba akisimama sana sokoni. Anakusalimia na anauliza Lévi ataleta mbuzi za mahari lini, kwa sababu huyu ni muchumba wa tatu unamutaja na yeye Mama hajaona hata mukia. Mimi ni mubeba ujumbe, usinipige.

Unauliza ni nani. Ni kura.

Salle ya Coach Buhendwa, kule Mabanga, ni uwanja wenye ukuta wa mawe ya volkano na mabati juu. Chuma kizuri ni kimoja, ekseli ya lori, na mizigo ya simenti tuliyomimina sisi wenyewe. Sisi ni wengi. Kama kila mutu akijichagulia, wote watalala chali kusukuma kifua na ngumi zitaruka. Sasa kila Jumatatu Coach anaweka vifuniko vya chupa mu kofia yake. Kila kifuniko kimeandikwa: kifua, mabega, mugongo, miguu, mikono. Unachota, na ulichochota ndicho zoezi lako kubwa la wiki nzima. Hakuna ndugu wala jirani, ni haki tupu.

Na usifikiri ni juu ya ukosefu wa vyuma tu. Coach anasema misuli ikizoea inalala, lazima uishitue kila mara. Mimi naona ni kweli: nikianza zoezi mupya, kesho yake naumwa mwili wote, na wiki hiyo hiyo naongeza mizigo karibu kila siku. Aubin, yule wa nyumba ya nyuma, anafuata kura kama sisi, na leo anapita mulangoni kwa upande. Yeye pia anataka ile kazi. Sasa unataka mimi nikae na mazoezi yale yale kama muzee na rozari yake?

Ninyi munajua wagonjwa, Yaya. Sisi tuko wazima.

Mudogo wako,
Prodige

Butembo, tarehe 28 mwezi wa kenda 2025

Prodige,

Salamu kwako na kwa Mama, aweke miguu juu ya kiti jioni na asinibishie. Tuko wazima. Habari ya Lévi na mbuzi zake tuiache hapo ilipo.

Vifuniko vya chupa! Nimesoma mara mbili nikidhani umenitania. Mu kazi yangu nimesikia watu wakiponyesha goti kwa mafuta ya breki, lakini watu wazima wenye akili kujenga mwili kwa tombola, hiyo ni ya kwanza. Ee Yezu, nipe uvumilivu!

Nisikilize, maana nasema pole pole. Kuumwa kesho yake si kipimo. Mwalimu akishika jembe likizoni anaumwa wiki nzima na hakuna anayemuita bingwa. Na ile mizigo unaongeza kila siku mu wiki ya kwanza, si nyama imeongezeka. Ni mwili unajifunza njia ya lile zoezi. Ukishaijua njia, ndipo sasa misuli inaanza kujengwa kweli. Na hapo kabisa, Jumatatu, wewe unaingiza mukono mu kofia! Kila wiki unachimba musingi, kila wiki unahama kiwanja, halafu unashangaa nyumba haionekani.

Chukua mazoezi makubwa machache. Moja la kusukuma kifua, moja la kusukuma juu ya kichwa, moja la kujivuta, moja la kuinua kutoka chini, moja la kuchuchumaa na chuma mabegani. Yashike miezi miwili, mitatu, hata zaidi kama bado yanakupa nguvu. Kila wiki ongeza kidogo tu: mzigo mudogo, ao mara moja zaidi ya ile ya wiki iliyopita. Vile vidogo vya mikono, kama roho inachoka, vibadilishe baada ya mwezi ao mwezi na nusu, hakuna dhambi. Makubwa hayaguswi. Utagusa kubwa kama umekwama wiki kadhaa huku unakula na unalala, ao kama kiungo kinauma. Na hata hapo unabadilisha kimoja: unasogeza mikono, unageuza pembe, basi. Vingine vinabaki.

Halafu sahani! Wewe unabadilisha kila kitu isipokuwa sahani. Maharagwe, mayai, sambaza za Kituku, maziwa ya Masisi ukiyapata, fufu ya kutosha. Mwili haujengwi na hewa ya ziwa.

Mwambie Coach wako, kwa heshima zote, kwamba wewe hauchoti tena. Sikio halipiti kichwa, Prodige, na hapa kichwa ni mimi.

Fabiola

Goma, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2025

Yaya,

Tuko wazima. Mama anaweka miguu juu ya kiti kama ulivyosema na anakusifu kwa majirani mpaka tunachoka. Kuna vumbi jeusi kila mahali kwa sababu ya upepo. Jumapili tulienda misa ya kwanza. Habari nyingine hakuna.

Nimefanya vile umesema, karibu yote. Coach amekataa mutu kuacha kura, anasema akimuachia mumoja, kofia imekufa. Lakini bahati imeniangukia: toka barua yako, kila Jumatatu nachota miguu. Miguu tu. Kwa hiyo zoezi la kuchuchumaa nimelishika kama ulivyotaka, na naongeza kila wiki, naona suruali zinakaza.

Mengine nimerekebisha kidogo. Kusukuma kifua nimeacha kwa sasa kwa sababu ubao wetu unayumba. Kusukuma juu ya kichwa, kwa mutu wa kilo zangu, naona haijengi sana. Kujivuta nilibadilisha nikaweka kuvuta kamba nikikaa, halafu hiyo pia nikaibadilisha. Na bidoni za maji nyumbani sasa nazibeba na mukono wa kushoto peke yake, nataka kushoto kulingane na kulia.

Nakula. Usiniandikie tena juu ya sahani.

Majaribio ya ile salle ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Tuombee.

Prodige

Butembo, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025

Prodige,

Salamu kwa Mama. Barua hii usimusomee.

Nimerudia yako mpaka karatasi imechakaa, na sasa nimekasirika kabisa, nakuambia wazi. Kura gani hiyo inamupa mutu miguu, na miguu, na tena miguu, toka barua yangu ikufikie? Kama una bahati ya namna hiyo acha vyuma, nenda ucheze bahati nasibu! Mutu anayependa kushitua misuli, mbona miguu haihitaji kushituliwa? Miguu hujaibadilisha hata mara moja. Ulivyobadilisha ni kusukuma kifua. Ni kusukuma juu. Ni kujivuta. Ni kuvuta kamba. Na bidoni za maji zimehamia kushoto. Yote uliyoyatupa yanapita njia moja, na njia hiyo ni bega lako la kuume.

Unaniona mujinga? Miaka yote hii nashika mabega ya watu. Wanakuja wananiambia wanapenda kulalia upande wa kushoto, eti upande wa kulia kuna joto. Wanasema shati la vifungo ni zuri kuliko la kuvaa kichwani. Hakuna anayesema linauma! Mficha ugonjwa kilio kitamufichua, na mimi sitaki kilio mu nyumba yetu.

Simama sasa hivi. Inua mukono wa kuume kando, pole pole, mpaka juu. Kama unauma pale katikati ya njia, kama usiku haulalii upande huo, ukubali. Na kama ni hivyo, Jumamosi ile usisukume kitu juu ya kichwa. Nasema usisukume. Mushipa uliochubuka unapona. Ukikatika, mimi sina dawa, na wewe utakuwa mutu wa miaka ishirini na nne anayevalishwa shati na mama yake.

Nimemuambia Mama Charline aharakishe. Ningeweza kupiga simu, lakini ungesema "Oui, Yaya."

Fabiola

Goma, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2025

Yaya,

Mama iko muzima. Mimi sijui niko nini.

Barua yako ilifika asubuhi ile ile ya majaribio. Mama Charline mwenyewe aliileta mpaka mulangoni, nikaisoma nimesimama, begi mukononi.

Ni kweli. Ni toka mwezi wa saba. Jumatatu moja nilichota mabega, zoezi sijalifanya hata siku moja mu mwezi mzima, na Aubin alikuwa amechota hayo hayo. Siku ya tatu akaweka mzigo, nikaweka zaidi yake. Nikasikia kitu ndani kimepasuka kama kitambaa. Toka siku hiyo kila nikichota kifua ao mabega nauliza nani anabadilishana. Miguu hakuna anayeitaka, Yaya, wananiletea kifuniko cha miguu mbio mbio na wananishukuru. Sikukuambia kwa sababu ungepanda gari uzunguke Uganda mzima kuja huku, na njia zile zinamunyima Mama usingizi. Na tena nilijua utanikataza. Nilitaka ile kazi.

Nilienda. Ni salle yenye vioo ukutani, vyuma vya kweli vinavyong'aa. Mwenye mali, Mama Umugwaneza, alikaa kwenye kiti na watu wake wawili. Wakaanza na miguu. Niliwapita wote! Hata Aubin. Mama Umugwaneza aliuliza jina langu mara ya pili ili alishike. Yaya, pale niliiona ile kazi, niliigusa kwa mukono.

Halafu wakasema kusukuma juu ya kichwa. Nikabeba chuma mpaka kifuani. Nikasikia sauti yako, ile ya kukasirika. Nikakirudisha chini. Nikasema, "Bega linauma, sisukumi." Mutu mumoja nyuma akacheka. Mama Umugwaneza akasema asante, mwingine. Kazi ni ya Aubin, ameanza juzi.

Umefurahi sasa? Nimekutii mara moja mu maisha yangu na nimepoteza kazi. Mama anasema nisiongee hivyo na mukubwa wangu. Naongea hivyo.

Na wewe unayejua mabega ya watu yote, ukiulizwa juu ya Lévi unafunga mulango. Wewe unaficha sawa na mimi.

Prodige

Butembo, tarehe 4 mwezi wa kwanza 2026

Prodige,

Heri ya mwaka mupya, kwako na kwa Mama. Nilienda misa, nikala kuku kwa jirani, nikarudi nikalia.

Ndiyo, nimefurahi. Ukasirike hata mpaka Pasaka, nimefurahi. Juma lile la majaribio yako nilikuwa na mugonjwa, fundi wa mabati, kijana kama wewe. Alisukuma wakati bega linauma kwa sababu watu walikuwa wanamuangalia. Sasa hawezi kujikuna mugongo. Kila nikimugusa nilikuona wewe. Nilivyosoma kwamba ulirudisha chuma chini, nilikaa chini hapo hapo kazini, wagonjwa wakafikiri nimefiwa. Kazi itatokea ingine. Bega la pili hakuna anayekuuzia. Na kumwambia mwenye kazi "linauma" mbele ya watu wanaocheka, ndugu yangu, mimi sijui kama ningeweza.

Lévi alioa mwingine mu mwezi wa kumi. Sikutaka Mama ajue, majirani wasijue. Umeniuliza nimekujibu. Mwambie Mama kwa namna yako, na mbuzi zisitajwe.

Sasa kazi. Huko Goma kuna mwenzangu tuliyesoma pamoja, Twagirimana, ni kiné. Nimemuandikia. Nenda akushike bega kabla hujafanya lolote. Akikubali, utaanza hivi: utasukuma ukuta kwa kiganja bila mukono kusogea. Utafunga kipande cha raba ya tairi mulangoni, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, uvute kwenda nje, pole pole. Utavuta hiyo hiyo kwenda nyuma, mabawa ya mugongo yakikaribiana. Matatu tu. Ni mazoezi ya kuchosha roho, ya wazee, na hakuna atakayekupiga picha. Utayafanya miezi. Usiyabadilishe! Nikisikia umeyabadilisha nazunguka Uganda kuja kukupiga makofi, Mama alale ao asilale.

Yaya wako,
Fabiola

Goma, tarehe 12 mwezi wa ine 2026

Yaya Fabiola,

Wasingya, asante sana, kwa viatu vya Mama, vilifika kabla ya Pasaka na alivivaa misani, miguu yake imepata raha. Nilimwambia habari ya Lévi. Akasema kijana mwenyewe alikuwa na masikio madogo, hakumpenda toka mwanzo. Hajawahi kumuona, lakini nimemuachia.

Sijakuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sikutaka kukutukana kwa maandishi. Yaya, ile raba! Asubuhi ile ile, jioni ile ile, kiwiko ubavuni, vuta nje, rudisha. Mama anasema bawaba za mulango zitang'oka kabla bega halijapona. Vijana wa salle walikuja kunitazama siku moja wakaniuliza kama nafundisha mulango kucheza. Twagirimana wako ni mukali kuliko wewe, nikimwomba anipe hata moja ingine mupya anatikisa kichwa. Mu mwezi wa pili nilitaka kuitupa raba ziwani. Siku ile nilipogundua nimeamka nikiwa nimelalia upande wa kuume, sikuitupa tena.

Kazi bado sina. Aubin ananisalimia vizuri, hana shida. Niko kilo sitini na mbili, usicheke, ni maharagwe yako.

Juma hili Twagirimana aliniruhusu kugusa chuma. Nilienda Mabanga mapema. Nikachukua ekseli tupu, bila mzigo hata mumoja, mbele ya watu wote waliozoea kuniona nikishindana. Coach aliuliza kama mizigo imeibiwa. Nikaisukuma juu pole pole, ikafika pale katikati ya njia, pale unapopajua. Nilifunga macho. Ikapita. Ikaenda mpaka juu kabisa, mukono ukanyooka, haukuuma.

Walicheka kwa kuniona nalia chini ya chuma kitupu. Waache wacheke. Niliirudisha chini, nikaisukuma tena.

Kesho ninarudia ile ile.

Mudogo wako,
Prodige